Nyumba Aliyoijua kwa Viganja

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mama yangu alikuwa haoni tena. Aliiacha mikorosho yake akiwa juu ya lori, mkono mmoja begani kwangu, akashushwa mahali ambapo kwake palikuwa sauti tu: mashoka, watoto, watu wakigombea fito. Nyumba niliyoijenga kwa msaada wa majirani aliijua kwa viganja na nyayo.

Ugonjwa ulianza kama ukungu. Mwanzoni alikilaumu kibatari, akidai kinatoa moshi. Baadaye akawa hamtambui mtu mpaka aseme. Mwishowe mboni zote mbili zikageuka nyeupe kama maji ya mchele. Watu walisema karogwa kwa kuonewa wivu wa mikorosho yake. Mjomba wangu, kaka yake mkubwa, akamleta mganga aliyeapa kumponya, naye akampulizia machoni unga wa mizizi. Macho yalivimba vibaya, na tangu hapo mama hakutaka mtu amguse uso.

Tulikuwa tumeshavuna mara mbili kijijini pale tabibu mpya alipoletwa kwenye zahanati yetu. Alimmulika mama kwa tochi.

"Mama, huyu ni mtoto wa jicho. Si uchawi. Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo, na umri ukienda kinaingia ukungu. Hakuna dawa ya kukisafisha, hutolewa kwa kisu. Mwezi ujao daktari wa macho anakuja Lindi."

"Akikitoa, nitaona?"

"Wengi huona. Siwezi kukuapia."

"Afadhali wewe huapi," mama akasema. "Yule wa unga aliapa."

Jioni mjomba alikuja kumzuia. Alisema jicho halichokonolewi, na Mungu akitaka mtu aone, ataona. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Kaka, nakuheshimu. Lakini giza hili naishi nalo mimi. Wewe unanisikitikia ukija, kisha unakwenda zako."

Mwezi ulipofika tukapanda lori la korosho hadi Lindi. Kwenye mabenchi ya hospitali niliona kwa mara ya kwanza kwamba upofu una njia nyingi. Palikuwa na wanawake wenye vikope, kope zimegeukia ndani na kukwaruza jicho kila wanapopepesa. Palikuwa na mzee mmoja aliyeona mbele tu, kama anayechungulia kwenye mwanzi. Daktari alimwambia ukweli: presha ya jicho imeshaharibu mshipa, kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Mama alisikia yote yale. Nilidhani ataniomba turudi. Aliniuliza tu kama zamu yetu imekaribia.

Walimpasua jicho moja. Baada ya hapo alilala chali, amefungwa bandeji, amekatazwa kukohoa wala kugeuka, nami nikimnywesha uji kwa kijiko. Bandeji ilipofunguliwa, muuguzi alimvisha miwani ya vioo vinene kama vitako vya chupa. Mama alinitazama kwa muda mrefu.

"Umekuwa na uso wa bibi yako," akasema.

Mimi ndiye niliyelia. Yeye alikuwa ameshageuka kutazama dirisha.

Kijijini aliomba ashushwe mwanzo wa njia, ili aifikie nyumba mwenyewe. Akasimama pale, amepotea. Miwani ile ilikuza kila kitu, na nyumba zote zilikuwa ngeni kwake. Basi akaivua, akafumba macho, akatembea kama alivyozoea mpaka mlangoni petu. Hapo ndipo alipoivaa tena. Akaizunguka nyumba yote, taratibu, akigusa na kutazama.

"Ukuta huu umepinda," akasema.

Ukuta ule niliukandika peke yangu.

"Umepinda, lakini umesimama masika mbili, nami nikilala ndani yake. Mwanamke mmoja, mwenye mama kipofu, amejenga nyumba." Akawageukia majirani waliotufuata. "Mmeiona lakini?"

Walikuwa wakiiona kila siku. Siku ile waliitazama upya, nami nikasimama nikitazamwa pamoja nayo.

Kuanzia hapo watu walikuja kumuuliza. Hakuwapamba maneno: alisema sindano ya ganzi inauma kuliko kisu, na kwamba jicho lake la pili bado halioni. Mjomba alikuja mwisho, akakaa kwanza akizungumzia mvua. Kisha akasema siku hizi jioni macho yake huwahi kuingia giza. Nilingoja mama amkumbushe maneno yake. Hakumkumbusha. Alisema, "Daktari akirudi tutakwenda wote, kaka."

Daktari aliporudi, lori lilijaa. Mama alikaa nyuma, katikati ya wanawake wa kijiji na kaka yake, miwani imefungwa kwa uzi kisogoni, akiwafundisha namna ya kulala chali bila kukohoa. Mara hii hakunihitaji nimshike mkono. Nilibaki barabarani na jembe langu, na mpita njia aliponiuliza yule anayewaongoza wagonjwa ni nani, nilijibu kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa mbali: "Mama yangu."