Mbao za Mama Ndani ya Mawe

Kazi yangu mjini Meru ilikuwa kupaka X. Nilikuwa na kopo la rangi nyekundu na brashi, na nyumba yoyote ya mbao iliyosimama mahali ambapo sheria ya mji ilitaka mawe, niliipaka X mlangoni ili ibomolewe. Watu hawakunisalimia sana.

Halafu ofisi ikatupeleka semina ya siku tatu huko Embu. Tukafundishwa uchumi wa mzunguko: kwamba mji wenye akili hautupi kitu, na ubao uliong'olewa jana ni ukuta wa kesho. Nilirudi nimeokoka upya. Nilimhubiria mke wangu hata kuhusu maganda ya viazi, yeye ambaye maganda yake yamekuwa yakiliwa na ng'ombe wa jirani tangu tuoane.

Mwaka huohuo mama yangu, aliyeishi peke yake Kianjai, akazidiwa na sukari. Daktari alisema wazi kwamba kidonda cha mguu kisafishwe kliniki kila baada ya siku mbili, la sivyo mguu utakatwa. Kwa hivyo nikamjengea chumba nyuma ya nyumba yangu hapa mjini. Mawe ya kuchonga, rangi ya krimu, vigae vinavyong'aa sakafuni. Nilijivunia chumba kile, Mungu anisamehe.

Mama akaja, akaketi ukingoni mwa kitanda, koti mwilini na kibeti mapajani. Alisema mle ndani kuna baridi kama kanisa la watu wengine. Siku ya tano nilitoka kazini nikakuta amerudi Kianjai na kidonda chake. Nilikasirika, niseme ukweli. Nililalamika mpaka mke wangu akachoka kunisikiliza.

"Si wewe unatuambia tusitupe hata ganda?" akasema. "Na mama yako umemwambia atupe nyumba."

Jumamosi nikaenda Kianjai nikamwambia mama tutabomoa jiko lake la mbao, humo alimotulelea sote, na kulihamishia mjini. Akauliza X itapakwa na nani, mimi au mwenzangu wa ofisi.

Lilikuwa swali zuri. Aliyeniokoa ni fundi, mzee wa jirani: mawe yabaki nje, mbao ziingie ndani, sheria ione mawe yake na mama aone mbao zake.

Fundi akaziandika mbao nambari kwa chaki, ajue ipi ilikaa wapi. Tukazipakia kwenye pikapu, mvua ikatunyeshea njia nzima, na kufika Meru hakukuwa na nambari hata moja. Akaanza kuzipigilia ndani ya chumba alivyoona yeye. Mama, ambaye tulikuwa tumekuja naye, alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya ndoo. Akamwambia ang'oe. Ule ubao mweusi kabisa ulikaa nyuma ya mafiga. Ule uliochakaa chini ulikuwa wa upande wa mbuzi, walikuwa wakijikunia hapo. Ule mweupe ni wa mlangoni, moshi haukuufikia. Alizipanga zote kwa masizi, na fundi, mtu mwenye wajukuu, akabaki kuitika tu, ndiyo mama, ndiyo mama. Alipopendekeza azisugue kidogo zitakate, nilimhurumia kwa jibu alilopata.

Jioni kazi ikaisha. Mama akaingia, akagonga ukuta kwa vidole, akanusa. Mimi, mke wangu na fundi tulisimama mlangoni. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, na akikataa mara hii sikuwa na ujanja mwingine.

"Ile rangi yako nyekundu iko wapi?" akaniuliza.

Nikasema iko stoo.

"Ilete." Akashusha fimbo yake sakafuni, juu ya vigae vyangu. "Upake hapa, hivi vitu ving'olewe. Nikiteleza kesho nikienda kliniki, nitamwambia daktari ni wewe."

Akavua koti, akalitundika kwenye msumari wake wa zamani. Nikaenda stoo kuleta kopo, na nilikawia huko kidogo, maana sikutaka fundi anione nikilia.