Lundo la Kokoto

Juzi kule Kinyinya nilimwona mama mmoja akiponda kokoto kando ya njia. Ule mlio na harufu ya vumbi la jiwe vikanirudishia kitenge cha mama yangu.

Mama aliponda kokoto kilimani Gisozi, jiwe akilizungushia mpira wa baiskeli vipande visimrukie machoni. Mimi nilidhani kazi yake ni kuyamaliza mawe, yakiisha turudi nyumbani. Sikujua kwamba kokoto zile ndizo unga wetu. Basi mchana ule alipokwenda kuchota maji, nikalisukuma lundo lote kwa miguu, likaporomoka hadi kwenye matope ya bondeni.

Lori la mnunuzi likafika mama akirudi na maji.

“Mama Zuhura, kokoto iko wapi?” dereva akauliza.

Mama akaitazama miguu yangu iliyojaa vumbi. “Bado, kaka. Upite wiki ijayo.”

“Eh! Leo mutakula mawe?”

Dereva akacheka, nami nikacheka naye. Lori likaondoka tupu.

“Mama, nimekusaidia?”

“Umenisaidia, mwanangu. Leo nimepumzika.”

Nikateremka kilima nikirukaruka, nikimwambia kila jirani kwamba kazi ya mama nimeimaliza mimi.