Injinia Bomoa

Watu wa saiti hawamwiti kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Bomoa, na walipoanza kumwita hivyo alikuwa injinia mkaguzi, mgeni kazini, viatu vya saiti bado vinamchubua vidole.

Lilikuwa jengo la ghorofa, nyumba za kupangisha. Asubuhi hiyo aliona nguzo moja ya chini imepakwa plasta upande mmoja. Nani anapaka nguzo plasta mara tu mbao zinapofunguliwa, kama hana aibu ya kuficha? Akaigonga kwa nyundo. Kipande kikadondoka, na nyuma yake palikuwa na matundu, nondo ziko nje, zege halikuzifikia.

"Bomoa," akasema.

Meneja wa mradi akaja juu. "Tunamwaga zege la juu kesho, wewe bibie unaniambia bomoa? Umetoka chuo juzi! Rudishia plasta. Nani ataona?"

"Mimi nimeshaona."

Baba yake mdogo, fundi mkuu wa pale, ndiye aliyembembelezea kazi hiyo. Akamvutia nyuma ya rundo la mchanga. "Mwanangu, utamwaga unga wako na wangu. Nyamaza, leo tu."

"Baba mdogo, nikinyamaza leo, kesho nitapata wapi mdomo wa kusemea?"

Akakataa kutia saini, na bila saini yake zege halimwagwi. Nguzo ikavunjwa, ikajengwa upya, akatia saini. Jioni hiyo hiyo akaambiwa afunge virago.

"Tuone nani atakuajiri," meneja akamwambia mbele ya vibarua.

Sifa zake zikamtangulia. Kila ofisi aliyoingia walicheka: ndiye yule Bomoa? "Ndiye," anajibu, "mna nguzo za kukagua?" Wengi walimfungia mlango. Akasimamia mitaro, akapima barabara za vumbi, akajenga vyoo vya shule, na vyoo vyenyewe vipo imara hadi leo, atakaye akaviangalie. Alipopata usajili wake alikodi chumba juu ya duka la rangi, akaandikisha kibao kwa herufi kubwa: BOMOA, WAHANDISI WA UJENZI. Baba mdogo alicheka hadi akapaliwa, kisha akamshikia ngazi, Bomoa akipigilia misumari.

Mwaka jana mlango ukagongwa. Ni meneja yule yule, kichwa kimejaa mvi, kofia mkononi. Alikuwa anajenga nyumba, na alitaka nguzo zikaguliwe kabla ya zege la juu kumwagwa.

"Nina wasaidizi wazuri," Bomoa akamwambia.

"Hapana. Uje wewe mwenyewe, na nyundo yako. Nyumba hii watalala wanangu."

Bomoa alimtazama hadi mzee akainamisha macho.

"Na ile wangelala wana wa watu," akasema, akainuka kwenda kuchukua nyundo.