Mama Mkwe Alivyomnyonyesha Mwanangu

Mama mkwe wangu ana miaka hamsini na saba. Kitinda mimba wake ana ndevu.

Mwezi wa saba mwaka jana nilimkuta anamnyonyesha mwanangu.

Na maziwa yalikuwa yanatoka.

Najua kuna watakaosema hii chai. Hata mimi ningesema.

Iko hivi. Mimi ni mtu wa Muleba, nimeolewa Bweranyange huku Karagwe. Mume wangu Cleophace ni mwalimu Kyerwa, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi ni karani kwenye ofisi moja ya kununua kahawa pale Kayanga.

Mugisha alizaliwa mwezi wa tatu. Alipofikisha wiki tatu nikapata jipu kwenye titi la kushoto. Likapasuliwa. La kulia nalo likasusa.

Nikaanza kumpa maziwa ya kopo.

Kliniki, pale zahanati ya Bweranyange, nesi Kokushubira akaniangalia kama nimemuuza mtoto.

"Mama Mugisha, hata ng'ombe ananyonyesha ndama wake. Wewe umeshindwa nini?"

Nikamwambia ng'ombe hajapasuliwa titi.

Akaita anayefuata.

Mwezi wa sita likizo ikaisha, na msimu wa kahawa ukaanza. Ofisi yetu ni vumbi, magunia na watu wanaogombania mizani. Si mahali pa kichanga. Nikampeleka Mugisha kwa bibi yake, Mama Benadeta. Jumapili namwacha na makopo mawili ya maziwa, Ijumaa namfuata.

Mama Benadeta ni mjane, anaishi peke yake hapo Bweranyange na migomba yake. Maneno yake ni machache. Siku ya kwanza alipokea mtoto, akapokea makopo, akaniuliza kama nimekula.

Wiki mbili za kwanza makopo yaliisha kama kawaida.

Wiki ya tatu nikakuta moja limebaki zaidi ya nusu.

Wiki ya nne moja halijafunguliwa kabisa. La pili limepungua vidole viwili tu.

Halafu mtoto kanenepa. Mashavu mpaka macho yanapotea.

"Mama, huyu mtoto anakula nini?"

"Anakula."

"Mbona maziwa hayaishi?"

"Yataisha."

Nikampigia Cleophace. Nikamwambia mama yako anampa mtoto maziwa ya ng'ombe, au anampa ndizi za kuponda, na mtoto ana miezi minne.

"Amekonda?" akauliza.

"Amenenepa."

"Sasa unashtaki nini?"

Nikakata simu.

Jumatano iliyofuata nikaomba ruhusa kazini, nikapanda bodaboda saa nne asubuhi bila kumwambia mtu. Nilipofika sikupiga hodi. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Mama Benadeta alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umembeba Mugisha. Nilianza kusikia kabla sijaelewa ninachokiona. Mtoto anameza. Gulu, gulu, gulu.

"Shikamoo mama," nikasema.

Mtu anamnyonyesha mtoto wako, na mdomo wako unatoa shikamoo. Ndivyo tulivyolelewa.

"Marahaba. Umekula?"

Mugisha akaachia titi, akageuka kunitazama. Tone jeupe likadondoka kwenye kanga.

Nikakaa juu ya maganda ya maharage.

"Tangu lini?"

"Alikuwa analia. Nikampa anyamaze tu. Halafu yakaja."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akapukuchua.

"Mama, nakuuliza."

"Wewe ulikuwa na kazi."

Nililia. Na nitasema ukweli, kilichoniuma si kwamba alikuwa anamnyonyesha. Kilichoniuma ni kwamba yeye yalikuwa yanatoka.

Siku hiyohiyo nikambeba mtoto, nikamwambia twende zahanati. Akavaa viatu vyake vya kanisani. Hakubisha.

Nesi Kokushubira akamkamua kidogo, akatazama, akakaa chini.

"Haya ni maziwa," akasema. "Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Hili nililisoma tu kitabuni."

Akatueleza kwamba mtoto akivuta titi mara kwa mara, mwili unaweza kuitika, hata wa bibi. Si wote, ila inatokea. Akampima Mugisha uzito, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Kisha tabasamu likaondoka.

"Mama, ulipima kabla ya kumnyonyesha? Virusi vinapita kwenye maziwa."

Mama Benadeta akatikisa kichwa.

"Hujawahi kupima?"

"Baba Cleophace alikufa kwa kifua, mwaka elfu mbili na tatu," akasema. "Watu walisema yao. Mimi sikuwahi kwenda kuuliza."

Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa na baridi.

Nesi akamtoboa kidole. Tukaambiwa tusubiri dakika ishirini. Tulikaa benchi moja, mtoto katikati yetu, amelala, hana habari. Mama Benadeta aliangalia ukuta. Mimi niliangalia kidole chake. Nilimwomba Mungu, halafu nikamlaani yule mama moyoni, halafu nikamwomba Mungu tena anisamehe kwa kumlaani.

Nesi akatoka na karatasi.

"Hana."

Nikapumua. Mama Benadeta akafunga macho. Miaka yote hiyo alikuwa ameibeba hofu hiyo peke yake.

Kisha akasema ana njaa.

Tangu siku hiyo nesi akawa mtu mwingine. Wiki ya unyonyeshaji ilikuwa imekaribia, mwanzoni mwa mwezi wa nane, na alikuwa amepata shahidi wake. Bibi aliyelikataa kopo! Akasambaza habari kijiji kizima. Kwenye grupu letu la WhatsApp kule Muleba ikafika kabla sijaituma. Wengine wakasema bibi shujaa. Wengine wakasema ushamba, kwani maziwa ya kopo yana sumu? Nilibishana nao wiki nzima, pande zote mbili.

Siku yenyewe ikafika. Akina mama kama arobaini wamekaa kwenye banda la zahanati. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kwa sababu nilijua hadithi hii ikisimuliwa, mbaya wake ni nani.

Mama Benadeta akasimamishwa mbele.

"Nesi ameniomba niseme maziwa ya mama ni bora," akasema. "Ni bora."

Makofi.

Nikajua amemaliza. Hakumaliza.

"Lakini mnasema nililikataa kopo. Sikulikataa. Lile kopo limeandikwa. Mimi sijui kusoma."

Akina mama wakageukiana.

"Nesi alisema hapahapa, ukikosea vipimo mtoto anaweza kufa. Mimi nikaachiwa makopo mawili. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nampelekea mke wa katekista anipimie. Nilimwambia miwani yangu imevunjika. Akasafiri. Mtoto akaanza kulia. Nikijaribu kupima, narudisha unga kwenye kopo. Nikampa nilichokuwa nacho."

Akatafuta uso wangu kule nyuma.

"Mkamwana wangu si mtu mbaya. Hakujua. Niliona aibu kumwambia, amesoma."

Wadau, nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimebishana na nesi, na mume, na grupu zima, titi au kopo, kopo au titi. Sikuwahi kumwuliza yule aliyeshika kijiko kama anajua vijiko vingapi.

Mama mmoja upande wa kulia akanyoosha mkono. "Na mimi namlea mjukuu, mama yake alifariki. Napima kwa kuangalia rangi."

Mwingine akasema yeye huongeza maji ili likae siku nyingi.

Mikono ikafika sita.

Nesi Kokushubira aliihesabu ile mikono. Halafu akaweka bango lake la unyonyeshaji chini. Akaniita mbele, akaniambia nitoe kopo la Mugisha kwenye mkoba. Akachemsha maji, akafundisha kunawa, kuchemsha vyombo, kuhesabu vijiko, kusawazisha kijiko kwa kisu, na kwamba kikombe kisafi ni salama kuliko chuchu ya plastiki. Na aliyejaliwa maziwa yake, alisisitiza, asihangaike na haya yote, anyonyeshe.

Mgeni kutoka wilayani akaingia amechelewa. Akamkuta nesi wa unyonyeshaji anakoroga maziwa ya kopo mbele ya akina mama arobaini.

"Samahani," akasema, "hii ni wiki ya nini?"

Akina mama walikuwa wanahesabu vijiko.

Baadaye, tukitoka, nesi akanigusa bega. "Lile la ng'ombe nilikukosea," akasema. Nikaitikia.

Mama Benadeta alimnyonyesha Mugisha mpaka mwezi wa kumi na moja, na uji juu yake. Yangu hayakurudi.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujamsema mtu kwa kutofanya jambo, kaa naye umwonyeshe linavyofanywa. Huenda hakukataa. Huenda hajui, na anakuonea aibu.

Sasa kila Jumamosi tunakaa naye na daftari la mistari. Juzi ameandika jina lake lote. Herufi D imegeukia upande mwingine. Nimeiacha hivyo hivyo.