Mjukuu wa Pudo

Mama alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja upande wa Mweiga. Uhuru ulipokuja, mzungu akauza shamba na kurudi kwao, akamwachia Mama mbwa wake, poodle jike mwenye manyoya ya kujisokota. Sisi tulimwita pudo. Mbwa wengine hawakuruhusiwa kuingia kwetu kwa sababu ya mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na pumu. Akikaa karibu na mbwa au paka, kifua kilianza kupiga mluzi. Lakini pudo hakudondosha nywele, na mdogo wangu alilala akimkumbatia bila taabu.

Pumu hiyo ilimtisha Mama kuliko mtu mwingine yeyote. Mdogo wangu alikuwa binti wa pili, kwa hivyo alipewa jina la mama mzazi wa Mama, kama desturi yetu ilivyo. Kwetu mjukuu hapewi jina tu. Nyanya mwenyewe amerudi ndani yake. Mama alimwita maitu, yaani mama yangu. Na nyanya huyo alikufa akitafuta pumzi. Mtoto alipokohoa, Mama aliacha alichokuwa akifanya na kusikiliza, nami nikaogopa kwa kumtazama yeye.

Pudo akazaa na mbwa wa jirani, mbwa wa kawaida mwenye rangi ya udongo. Watoto wote walifanana: manyoya ya mawimbi, yasiyodondoka sana. Tukaona damu ya pudo imeshinda. Pudo alipokufa kwa uzee, mdogo wangu alilia hadi akakataa kula. Baadaye wawili kati ya wale watoto wakapandana, na hapo mambo yakatawanyika. Mmoja alikuwa na kichwa cha pudo, mmoja babu mtupu, yule mbwa wa jirani, mmoja katikati. Leo najua ndivyo ilivyo: mbwa wakichanganywa, kizazi cha kwanza mara nyingi hufanana, cha pili kila mmoja huchota kwake. Wakati ule hatukujua. Mama alimwinua mmoja mwenye masharubu na masikio ya pudo.

"Huyu ni cucu yake amerudi," alisema, yaani ni nyanya yake, pudo, akampa jina hilo la cucu na kumwingiza ndani.

Masikio yalikuwa ya pudo, lakini mgongo ulikuwa wa mbwa wa jirani. Alipokua, nywele nene zilizonyooka zikaanza kujaa kwenye blanketi. Tulizikung'uta tu, maana nani amwogope nyanya?

Asubuhi moja tulikuwa tukimenya viazi, mdogo wangu akaacha kuongea. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu, mabega yakawa yanapanda na hewa haiingii. Sijawahi kuogopa hivyo tena, hata nilipokuwa na wanangu. Mama alimbeba mgongoni akakimbia hadi barabarani, nami nyuma yake, na lori la maziwa likatuchukua hadi Nyeri. Njia nzima alikuwa akimnong'oneza.

"Maitu, usiende tena."

Lile neno "tena" ndilo lililonitetemesha. Niligeuza uso nikatazama mikebe ya maziwa.

Hospitalini walimdunga sindano, na polepole kifua kikafunguka. Daktari akauliza kama tunaishi na mbwa ndani ya nyumba. Mama aliitazama sweta ya mtoto, akaanza kuchomoa nywele zilizonasa kwenye sufu, na nilimwona usoni kwamba ndiyo kwanza anaelewa kilichomziba mtoto pumzi.

Jioni mdogo wangu alipata sauti, akauliza yule mbwa wake, cucu, yuko wapi.

"Ataenda Giakanja kwa mjomba wako," Mama akasema. "Huyo hakuwa cucu. Alikuwa mbwa tu."

Kisha akainama karibu na uso wa mtoto.

"Na wewe si mama yangu. Wewe ni mtoto wangu."

Hakumwita maitu tena maishani mwake.