Damu ya Mama Kabula na Boksi la Samaki

Nilikwenda Bujora kwa sababu ya aibu. Miaka ile maabara za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuchipuka Mwanza, na yetu pale Nyamagana ilijisifu kupima homoni za tezi ya shingo. Mama Kabula, mkulima mwenye rovu lililombana koo, tulimpima damu mara mbili: mara homoni ziko juu, mara ziko sawa. Daktari wake akagoma kumpasua mpaka majibu yaafikiane. Mimi mpimaji nikajitetea kama kawaida yangu: damu imeharibika kwa joto njiani kutoka kwao Bujora.

Asubuhi, soko la samaki Kirumba. Wauza samaki walinipa barafu na boksi lao, ili damu mpya nitakayochukua isipate joto njiani. Boksi linanuka sangara balaa.

Saa nne, Bujora. Nilimtoa Mama Kabula damu, nikaigawa kwenye vichupa vinne. Damu moja lazima itoe jibu moja, hapo ndipo unajua kama kipimo kinaaminika. Nikakaribishwa ndani kula. Kutoka nje, loh! Mama mkwe wake kafungua boksi kutafuta kitoweo, na vichupa viwili viko juani juu ya ungo, vimeshapata moto.

"Shikamoo mama, hiyo ni damu!"

"Marahaba. Sasa samaki wako wapi?"

Nilikasirika, sifichi. Nikavitia alama vile viwili, nikaondoka.

Kesho yake, Nyamagana. Nilitoa dawa za kupimia kwenye friji, nikazitumia zikiwa baridi kama siku zote. Majibu manne, yote tofauti! Hata vichupa visivyoguswa na jua havikuafikiana. Nikataka kurudia, umeme ukakatika. Dawa zikakaa mezani mpaka mchana. Umeme uliporudi nikapima tena: vyote vinne jibu moja, homoni ziko sawa. Sampuli ya kiwandani, ambayo jibu lake linajulikana, nayo ikapatia. Nikaitafuta karatasi ya maelekezo. Imeandikwa wazi: dawa ziachwe kwanza zitoke ubaridi. Jamani! Sikuwahi kuisoma mpaka mwisho.

Jumamosi, Bujora tena. Mama mkwe alipokea boksi, safari hii lina sangara kweli, akacheka. Mimi nilikuwa na neno zito zaidi.

"Mama Kabula, daktari amekubali kukupasua. Damu yako haikuharibika njiani. Mimi ndiye niliyekosea kupima."

Siku hizi nasoma karatasi kabla sijalaumu barabara. Lakini siku ile kosa lilikuwa langu. Mama Kabula alijishika shingo.

"Miezi mitatu nalala nimekaa, nasubiri majibu yenu," akasema taratibu. "Kumbe njia haina kosa."