Kinyozi na Mgonjwa Wake

Mara nne kinyozi alifika kwa muuza taa na kopo la jamu lenye mwani uliopauka. "Mgonjwa wangu huyu, dada," alisema, akaomba balbu ziwashwe mojamoja. Chini ya kila balbu alitandaza kiganja, akafumba macho, kama anavyopima taulo la moto kabla ya kumfunika mteja uso. Ikichoma, alitikisa kichwa: umeme unaishia kwenye joto, na mkewe ameshaapa kwamba mita ikikimbia tena, tangi la maji ya chumvi litatoka sebuleni, pamoja na samaki wake. Nao mwani ndio unaowasafishia samaki maji, ukifa, wamekwisha. Mwishowe aliiacha taa ya buluu ya matangi ya samaki, ya bei mbaya, akaikumbatia taa ya LED ya kumulika getini.

"Kaka, hiyo ni ya kufukuzia wezi!"

"Mwani hausomi maboksi, dada."

Baada ya mwezi muuza taa alimwona anakuja tena, akakunja uso: huyo, anarudisha. Kinyozi akaweka kopo mezani. Limejaa vipande vya kijani kibichi, vimekatwa sawasawa.

"Nimemnyoa," alinong'ona, akipangusa shingo ya kopo kwa kidole, kana kwamba nywele zimeingia kwenye kola.